Kausha Vizuri Kati ya Vidole

Ng'ombe alikaa chini katikati ya kona, mbele kidogo ukishaipita Soni, akakataa kuinuka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, sina hakika, sisi hatukuandikwa. Tulikuwa watu watatu tunamshusha mpaka Mombo mnadani, dume mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji, na mwenye mali alikuwa baba yangu mdogo, mtu wa hasira za haraka. Barabara ile upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni bonde ambalo ukidondosha kofia unaisahau. Lori la kabichi limesimama nyuma yetu, basi la abiria limesimama mbele, makondakta wanatukana, akina mama wanachungulia madirishani wakitoa ushauri. Mmoja akasema mvuteni mkia. Wakamvuta mkia. Mwingine akasema mzibeni pua. Baba mdogo akaenda kumziba pua, akapigwa kichwa cha kifua akakaa chini na yeye, ikawa sasa barabarani wamekaa wawili.

Mimi nikainama nikamsemesha ng'ombe sikioni. Nilimwambia kwamba kule chini kuna joto, kuna majani marefu, na kwamba hakuna mtu anayemtakia mabaya. Uongo mtupu, alikuwa anakwenda kuuzwa kwa wachinjaji. Nilisema kwa Kishambaa, polepole, kama unavyosema na mtu mgonjwa. Akainuka. Labda alikuwa amechoka kukaa, labda lami ilimchoma tumbo, sijui, lakini aliinuka, na watu wa kwenye basi wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo nikawa mtu mwenye mdomo. Kijiji kikikupa sifa hakiulizi kama unaitaka. Mtu akitaka kuoa, mimi mshenga. Ndugu wamegombana juu ya mpaka wa shamba, niitwe. Niliwapatanisha wangapi? Wengi. Na wengine niliwaunganisha wakaishi vibaya, nao wengi hawakunilaumu. Kuna mama mmoja mpaka leo akiniona njiani anabadilisha njia, nilimposea mumewe. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Shule niliishia darasa la nne. Nasoma kwa kufuata na kidole, na kuandika naandika hivi mnavyoona, kama ninavyoongea. Kwa hiyo kazi niliyopata ilikuwa ya mikono: dobi wa hospitali, hospitali moja ya huku milimani kwetu, sitaitaja. Miaka mingi nimefua mashuka ya wagonjwa. Ukiwa dobi unajua mambo ya hospitali kabla ya madaktari. Shuka linakuambia nani kajifungua, nani kaaga dunia, nani anajikojolea kwa aibu na anamwambia muuguzi ni chai iliyomwagika. Nililipenda lile banda la kufulia, lina mvuke, na huku kwetu mtu anayefanya kazi kwenye joto anaonewa wivu.

Ni pale pale banda la kufulia ambapo ugonjwa ulinikuta. Nilianza kunywa maji ya bomba la kusuuzia. Kopo moja, makopo mawili, mwisho naweka mdomo kwenye bomba lenyewe kama ndama. Wenzangu wakacheka. Suruali ikaanza kudondoka. Siku moja nimebeba kapu la mashuka mabichi, nikakaa nalo chini, sikuweza kuinuka, na muuguzi wa kliniki ya sukari ndiye aliyepita akanitoboa kidole. Alitazama kale kamashine, akanitazama mimi, akasema, "Babu, wewe umekuwa mua."

Huyu muuguzi nitamwita sista, maana ndivyo tunavyowaita wote. Ni mtu wa chini kule kwenye joto, si Mshambaa, na Kishambaa chake kiliishia kwenye salamu. Kila Jumanne alikuwa na benchi mbili za wazee wa mlimani wanaomwitikia "ndiyo sista, ndiyo sista" na hawajaelewa kitu. Mimi nikaanza kuhudhuria kama mgonjwa. Na mtu mwenye mdomo hawezi kukaa kwenye benchi akanyamaza. Sista akisema kitu, mimi namgeuzia jirani yangu kwa Kishambaa, na jirani anamwambia jirani. Mwisho sista akaweka mikono kiunoni.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba."

"Kwa nini usije hapa mbele ufundishe wewe, mimi nikae hapo kwenye benchi nipumzike?"

Alidhani anatania. Nilisimama. Na nilipostaafu kufua, hospitali ikaniacha na ile Jumanne yangu, wakanipa koti jeupe linalofika magotini na bango la picha, wakaniita mwelimishaji. Mke wangu alinipiga picha na simu, nimeshika bango. Akawatumia watoto wote. Mimi, darasa la nne, dobi, leo naitwa mwalimu na watu wenye mvi.

Niseme ukweli, niliipenda kazi ile kupita kiasi. Jumatatu jioni nilikuwa nasoma makaratasi ya somo kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mke wangu anaondoka jikoni. Makaratasi yalikuwa yameandikwa kwa ajili ya watu wa chini, wa joto. Yanasema punguza nazi. Nazi ipi huku? Nikaiondoa nazi, nikaweka viazi mviringo na ndizi. Yanasema epuka maji ya madafu, nikaweka chai ya asubuhi yenye vijiko vitano, ile ambayo kijiko kinasimama. Wakacheka, wakaelewa. Nilijisifu moyoni: karatasi limepanda mlima kwa miguu yangu. Na mimi mwenyewe nilikuwa naiba, nisiwafiche. Kwenye msiba nilikuwa nakula ndizi mbivu nyuma ya nyumba, halafu Jumanne nasimama mbele za watu nakemea ndizi mbivu.

Sehemu ya miguu ilikuwa ya mwisho, na watu wanakuwa wameanza kuangalia mlango. Karatasi linasema: osha miguu kila siku, kausha vizuri, hasa kati ya vidole, kagua kama kuna jeraha, usitembee peku. Hapo sikubadilisha kitu. Niliona hapana nazi wala dafu, miguu ni miguu, ya chini na ya juu. Nikalisema vile vile, kila Jumanne, kwa Kiswahili na kwa Kishambaa, na nikawafanya warudie kwa sauti kama watoto wa shule. Osha! Kausha vizuri! Kati ya vidole!

Sasa nije kwa mwenyewe wa habari hii.

Alikuwa mkulima wa juu ya Magamba, kule ambako shamba linaanza pale msitu unapoishia. Rika langu, labda ananizidi kidogo. Alikuwa na miti ya mapeasi, na siku ya kwanza kliniki alikuja na mfuko wa mapeasi kama zawadi ya daktari. Sista akamwambia, "Baba, haya ndiyo tunayokukataza." Akajibu, "Sijaleta nile mimi, nimeleta mle ninyi muugue na ninyi, tuwe sawa." Benchi zima likacheka. Tukamwita Mzee wa Mapeasi tangu hapo.

Siku hiyo hiyo sista akampima miguu. Kipimo chenyewe ni uzi mgumu wa nailoni. Mgonjwa anafumba macho, sista anagusa wayo hapa na pale, na wewe useme ukisikia. Mzee akafumba macho. Sista akagusa dole gumba, akagusa kisigino, akagusa katikati, akazunguka mguu wa pili. Mzee kimya. Sista amemaliza, anaandika kwenye faili, mzee bado amefumba macho, anasema, "Anza basi mwanangu, nimeshajiandaa."

Tulicheka tena. Mimi nilicheka kuliko wote. Sista hakucheka, akaniambia nimweleze kwamba miguu yake imekufa ganzi. Nikamweleza. Akasema, "Mgosi, mguu uliokufa unapandaje mlima? Mimi leo nimetoka Magamba kwa mguu." Mgosi ndiyo namna tunavyoitana wanaume wa huku. Nikamwambia ni ganzi ya juu juu tu, aitunze. Ganzi ya juu juu. Nilitoa wapi hilo? Nilitaka tu asiogope.

Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Sijawahi kuwa na mwingine kama yeye. Aliacha sukari kwenye chai siku moja, hakupunguza, aliacha. Alinunua viatu vya kufunika vidole wakati wenzake wote wanavaa kandambili. Na alikuwa anarudia somo langu kijijini kwake, baada ya swala, pale nje ya msikiti, kwa watu wenye sukari na wasio nayo. Mkewe alisimulia kwamba mpaka wajukuu wanaimba, osha, kausha vizuri, kati ya vidole. Mimi nikavimba kichwa. Nilikuwa nawaambia wale wavivu kwenye benchi, "Mwangalieni huyu."

Ukaja mwezi wa sita. Wa huku anajua, wa chini nimwelezee: mwezi wa sita na wa saba ukungu unashuka kutoka msituni, unakaa wiki nzima, nguo haikauki kwenye kamba hata siku tatu. Kila kitu kinakaushwa motoni. Mahindi yako darini juu ya moshi, kuni mbichi zimesimamishwa kuzunguka mafiga, nguo za mtoto mchanga zinaning'inia juu ya chungu, viatu vimelazwa ubavu karibu na makaa. Watu wenyewe tunakaa tukiwa tumenyoosha miguu motoni kuanzia magharibi mpaka kulala. Mtu hawazi. Huku kukausha ni moto, neno lenyewe ukilisema unauona.

Jumanne moja hakuja. Sista akauliza, nikasema ni mvua. Jumanne iliyofuata akaja kwa bodaboda, mkewe kashuka wa kwanza akamshika mkono. Mguu wa kulia umefungwa kanga. Alipita karibu yangu, na mimi ni dobi, pua yangu inajua. Ile harufu nimeifua miaka.

Sista alifungua kanga polepole. Wayo wote ulikuwa umebabuka, na kati ya vidole ngozi imevuka, na kile kidole cha pili kutoka kidogo kilikuwa cheusi kama kaa la moto lililozimwa. Mguu wa pili nao ulikuwa na malengelenge yaliyokauka.

"Baba, umeungua na nini?" sista akauliza.

"Sijaungua."

"Hii ni moto."

"Mwanangu, mimi sijaumia popote. Sijaanguka, sijakanyaga kitu. Nimefuata somo tu." Akageuka akanitafuta mimi kwa macho, amefurahi kuniona. "Mwulize mwalimu. Kila siku naosha. Kila siku nakausha."

"Unakausha na nini?"

Alimwangalia sista kama mtu anayeulizwa anakula na nini. "Na moto. Nikaushe na nini? Naosha baada ya magharibi, nanyoosha miguu hivi, halafu navipanua vidole hivi, moto uingie katikati. Kati ya vidole, ndiyo kazi, panachelewa."

Mkewe akadakia, na alikuwa anacheka kidogo, maana naye hakujua bado. "Mimi nilimwambia mzee, vuta mguu, nasikia harufu kama kwato za mbuzi zinababuliwa. Akasema usinisumbue mama, mwalimu amesema kausha vizuri, hakusema kausha kidogo."

Hakuna aliyecheka naye. Sista aliinua macho kutoka kwenye mguu akanitazama. Hakusema neno, na mpaka leo hajawahi kusema. Ningependa angesema.

Mimi nyumbani kwangu nakausha miguu motoni. Hilo ndilo linalonikaba. Kama ningekuwa mtu wa chini nisiyejua desturi, ningejitetea. Lakini mimi natoka kuosha miguu naketi mbele ya mafiga, nanyoosha, kila siku ya Mungu, siku zote zile nilizokuwa nasimama nimeshika bango. Nilibadilisha nazi, nikabadilisha dafu, na moto wangu mwenyewe sikuuona. Karatasi halikusema taulo kwa sababu huko chini hakuna mtu ambaye angefikiri kitu kingine. Na mimi sikusema kwa sababu karatasi halikusema.

Mzee alilazwa. Jumanne iliyofuata nilisimama mbele ya benchi, nikaacha bango, nikauliza swali moja tu. "Nyumbani mnakausha miguu na nini?"

"Motoni," wakasema.

"Nani hakaushi motoni?"

Bibi mmoja wa nyuma akainua mkono. "Mimi nakausha juani, mwalimu. Lakini jua lenyewe liko wapi?"

Nikawaambia waache. Nikawaambia kitambaa, kanga kuukuu, chochote, moto ausogelee mtu anayesikia. Wakaitikia ndiyo mwalimu. Walikuwa wananiangalia vile walivyokuwa wakimwangalia sista zamani. Nikakatisha somo, nikaenda kukaa kwenye banda la kufulia, nikawasikiliza vijana wanaofua sasa hivi wakibishana mpira.

Wodini kidonda kilioshwa kila asubuhi, na kila asubuhi weusi ulikuwa umepanda. Daktari, kijana mpya, mpole, alimweleza mzee mwenyewe kwa Kiswahili kizuri: mguu umeoza ndani, sumu inapanda, tukate chini ya goti upone, tukichelewa inakwenda kwenye damu na hapo hatuna la kufanya. Siku chache, alisema. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akakataa.

Sista akaja kwangu. "Babu, ongea naye. Anakusikia wewe peke yako."

Siku ya kwanza nilikwenda, tukaongea habari za mvua. Aliniuliza kama miti yake ya mapeasi nimewahi kuiona. Sikuwahi. Akaniambia ipo kwenye mteremko ambao hata mbuzi anafikiri kwanza. Halafu akasema, "Mgosi, huko chini mtu mwenye mguu mmoja anaishi. Anapewa fimbo, anatembea tambarare, anakaa dukani. Mimi nyumbani kwangu kwenda chooni ni kupanda, kwenda msikitini ni kushuka, kwenda shamba ni kupanda kwa mikono. Nikatwe nikae wapi?"

Nikamnyooshea blanketi. Mdomo wangu wote ule.

Siku ya pili akasema kingine. "Na hauumi. Jino linauma, unang'oa. Huu hauumi kabisa. Kitu kisichouma kinakatwaje?" Nikamweleza kwamba ndiyo ubaya wenyewe, kwamba ungeuma tusingefika hapa. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Halafu akaniuliza lile swali ambalo nilikuwa nalikimbia tangu wiki ile.

"Mwalimu, nilikosea wapi? Nilikausha sana, au nilikausha kidogo?"

Nikamwambia apumzike, nitarudi kesho.

Nilikwenda nyumbani nikamweleza mke wangu. Yeye ni mtu wa maneno machache, Mungu aligawa akampa mimi yote. Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Mwambie akatwe. Hayo mengine umwambie akipona." Ilikuwa akili nzuri, na ningeifuata leo ningekuwa naandika kitu kingine.

Siku ya tatu sista alikuwa ameshaweka karatasi ya kukubali upasuaji juu ya kabati dogo la kitandani, na kile kidude cha wino kwa ajili ya dole gumba. Mkewe alikuwa amekwenda kumtafutia uji. Daktari alisema atapita kabla ya adhuhuri. Mzee alikuwa amekaa kitandani, ameoga, amevaa kofia. Mguu ulikuwa juu ya mto.

"Nimewaza," akasema. "Yule daktari simjui, amekuja juzi. Sista ni mtoto mzuri, lakini ni mtoto. Wewe nakujua. Ulichosema nimekifanya, chote, sijaacha kimoja. Sasa niambie wewe. Ukisema weka dole, naweka."

Akanyoosha mkono, dole gumba limesimama, analisubiri neno langu.

Neno lilikuwa mdomoni. Weka. Ni dogo sana. Niliwahi kusema maneno marefu ya uongo kuliko hilo, na watu wakaamka wakaenda. Lakini niliona anakata mguu kwa kuniamini mimi, na hajui kwamba ni mimi niliyeuchoma. Nikaona kwamba nikinyamaza nitakuwa nimemkata mara mbili. Ndivyo nilivyofikiri pale. Sasa nimekuwa na muda wa kufikiri vizuri zaidi, nao nimeutumia wote, na naona kwamba sikusema kwa ajili yake. Nilisema kwa ajili yangu. Nilitaka kupumua.

Nikamwambia, "Hukukosea. Nilikosea mimi. Ilikuwa niseme kitambaa. Mguu wa ganzi haukaushwi motoni. Nilipaswa kukuambia, sikukuambia."

Mkono wake ulibaki hewani kidogo, halafu akaushusha akauweka kwenye paja.

"Kwa hiyo ni moto uliofanya hivi."

"Ni moto."

"Na wewe unakausha na nini?"

"Na moto."

"Mbona mguu wako mzima?"

"Mimi bado nasikia, mgosi. Moto ukizidi navuta. Wewe husikii. Sista alikupima na uzi, ukumbuke."

"Uzi!" Alisema kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Uzi ni uzi, mwalimu. Nani asikie uzi na miguu ya mkulima? Moto ni moto. Ungeniambia kwamba hata moto sitausikia. Uliniambia ganzi ya juu juu."

"Nilikuambia."

"Hayo ya juu juu nayo yalitoka kwenye karatasi?"

"Hapana. Yalikuwa yangu."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira, mngekuwepo mngeona. Alikuwa kama mtu anayepita kwenye nyumba yake anahesabu vitu baada ya mwizi. "Nimewafundisha watu kule juu," akasema. "Kuna wawili wana sukari kama mimi. Mmoja ni dada yangu."

"Nitapanda niwaambie. Kesho nitapanda."

"Nitawaambia mwenyewe."

Kisha akaiangalia ile karatasi ya kukubali, akaigusa kwa kidole cha kati kama unavyogusa kitu kujua kama ni cha moto.

"Na hili la kukata, umelitoa wapi?"

"Hili ni la daktari. Ni kweli tupu. Wallahi ni kweli." Mimi si Mwislamu, lakini niliapa kiapo chake.

"Na lile la kukausha lilikuwa la nani?"

Nilitafuta. Nilimwambia kwamba makosa ni yangu, ugonjwa hauna kosa, mguu umeoza kweli, anusanuse mwenyewe. Nilimwambia habari za mkewe, za wajukuu. Nilimwambia kwamba mtu anaweza kukosea hili na akawa mkweli kwenye lile. Nilisema kwa Kishambaa, nikasema kwa Kiswahili, nikarudia, nikashika mkono wake. Kila neno nililolitoa nililiona linamfikia linasimama mlangoni. Alikuwa na adabu, aliniacha nimalize.

Halafu akashusha miguu chini ya kitanda.

"Unakwenda wapi, mgosi?"

"Nyumbani."

"Subiri daktari aje."

"Mwambie nimemshukuru."

Akakitafuta kiatu cha kushoto akakivaa. Cha kulia hakikuingia kwa sababu ya bandeji, akakifunga kwa kamba zake akakitundika mkononi. Akaitoa kanga ya mkewe kwenye mto akauzungushia mguu juu ya bandeji, akakaza fundo vizuri, kwa mikono ya mtu aliyezoea kufunga mizigo. Nilisimama mbele yake. Sikumzuia kwa nguvu, nilisimama tu, na yeye akanizunguka kama unavyozunguka meza.

Nilimkimbilia sista. Sista akatoka mbio na kofia yake ya uuguzi mkononi, tukamkuta ameshafika uani, kwenye njia ya kutokea, na mkewe anarudi na uji, ameduwaa. Sista alimshika mkono, alimwita baba, alilia. Yeye alimwambia, "Usilie mwanangu, wewe hukunifundisha kitu." Mkewe aliniangalia mimi nimweleze kinachotokea. Akaweka uji chini kwenye ukuta, akamfuata mumewe.

Aliupita mlango mkubwa akashika barabara ya Magamba, ule upande wa kupanda. Hakuchechemea. Mtu anayesikia, mwenye mguu ule, angekuwa anatambaa, anapiga kelele, na angerudishwa na maumivu kabla ya kufika kwenye duka la kwanza. Yeye alikanyaga wayo wote, sawasawa, hatua ya mkulima anayejua mlima utamaliza pumzi mapema akiharakisha, kiatu kimoja kinaning'inia mkononi, mkewe nyuma yake. Kanga ilikuwa na maua mekundu, niliiona mpaka kwenye kona. Kisha sikuiona. Hakurudi kliniki, hakurudi wodini, hakurudi tena.